Kazi ya Daftari Ipewe Saa Yake

(Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kifanya, Njombe)



Upungufu unapoonekana katika hesabu za chama, neno la kwanza linalotamkwa kijijini ni wizi. Katibu hutazamwa kwa jicho la pembeni, mkewe huulizwa sokoni mabati mapya yametoka wapi, na mkutano mkuu huwa moto kabla haujafunguliwa. Mara nyingine neno hilo ni la kweli, na sheria ipo kwa ajili yake. Lakini liko kundi la pili la upungufu ambalo halimnufaishi mtu yeyote. Kilo zimeandikwa kinyume, jumla imebebwa vibaya kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, stakabadhi moja imeingizwa mara mbili. Hakuna aliyekula fedha hizo. Zimepotea kwa sababu kazi iliyotaka akili iliyo macho ilifanywa na akili iliyokwisha kulala, ijapokuwa mwenyewe alikuwa amekaa mezani na kalamu mkononi.

Maelezo haya yanahusu kundi hilo la pili, na jambo ambalo ni nadra kuandikwa katika masharti ya chama, nalo ni saa ambayo kila kazi hufanywa.

Iko njia moja ya kulitambua kosa la namna hii. Watunza vitabu wa siku nyingi wanaijua, na yafaa kila katibu aijue. Tarakimu mbili zilizo jirani zikibadilishana nafasi, tofauti inayotokea hugawanyika kwa 9 bila ya kubaki kitu. Hati ya mzani yasema kilo 386, leja yasema kilo 368. Tofauti ni 18, yaani 9 mara mbili. Malipo ya Sh. 54,000 yakiandikwa Sh. 45,000, tofauti ni Sh. 9,000. Kwa hiyo urari unapokataa kulingana, na tofauti ikagawanyika kwa 9, katibu asikimbilie kumshuku mweka hazina, wala mweka hazina asimshuku katibu. Zitafutwe kwanza tarakimu zilizogeuzwa. Huo si uthibitisho, maana tofauti nyingine hugawanyika kwa 9 kwa bahati tu, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia.

Na mtu asidhani kwamba kilo 18 ni jambo dogo. Ikiwa ni parachichi, na ikiwa bei ya msimu ni Sh. 1,500 kwa kilo, mwanachama huyo amepunjwa Sh. 27,000. Atakuja ofisini na hati yake mkononi. Ikiwa kosa litasahihishwa siku ile ile, ataondoka akinung'unika kidogo, basi. Ikiwa ataambiwa arudi juma lijalo, kisha arudi tena, msimu unaofuata hataonekana. Mlanguzi atamkuta barabarani, atampa bei ya chini, lakini atamlipa papo hapo, na chama kitakuwa kimempoteza mtu kwa ajili ya tarakimu mbili.

Daftari litaonyesha kosa hilo liliandikwa tarehe ngapi. Halitaonyesha liliandikwa saa ngapi, na hapo ndipo penye kiini cha maneno haya.

Chukulieni katibu mmoja wa kufikirika, wa chama kinachokusanya mahindi na parachichi katika kata kama hii ya Kifanya. Yeye mwenyewe ni mkulima, kwa kuwa posho ya chama haitoshi kulisha nyumba. Huamka saa 11 alfajiri. Hukamua ng'ombe wake, huenda shambani kidogo, na ifikapo saa 3 yuko ofisini. Tangu hapo hadi saa 10 alasiri hana nafasi. Yuko kwenye mzani. Huyu anauliza habari za mbolea ya ruzuku, yule anataka barua ya kumdhamini, simu inalia kutoka Makambako kwamba lori limeharibika, mwenyekiti amekuja na mgeni. Jua likitua watu hutawanyika, na kimya huingia. Ndipo katibu husema moyoni mwake kwamba sasa ndiyo nafasi ya kufanya kazi. Huwasha taa ya sola, hufungua daftari la fedha, hupanga hati za mzani mezani, na kuanza kunakili. Saa 4 usiku bado yumo.

Kimya cha usiku hudanganya. Hufanana na utulivu wa akili, kumbe ni utulivu wa watu tu.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walitangaza katika jarida la Nature matokeo ya jaribio lao. Watu waliokaa macho kwa saa 17 mfululizo, walipopimwa kwa kazi inayotaka jicho na mkono vielewane, walionekana kupungukiwa sawasawa na mtu mwenye kiasi cha ulevi cha asilimia 0.05 katika damu. Walipofikia saa 24 bila ya kulala, kiasi hicho kilikuwa karibu asilimia 0.10. Basi hesabu ni rahisi. Katibu aliyeamka saa 11 alfajiri hutimiza saa 17 ifikapo saa 4 usiku. Hakuna bodi itakayomruhusu katibu mlevi ashike daftari la fedha. Lakini ziko bodi zinazomsifu katibu anayefanya hesabu hadi usiku wa manane, kwamba ni mchapakazi asiyejali nafsi yake, na sifa hiyo humfanya aendelee.

Sababu ya jambo hili si uvivu wala udhaifu wa tabia. Mwili wa kiumbe una saa yake. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliuweka gizani mmea wenye tabia kama ya kifauongo, ule unaofumba majani usiku na kuyafumbua mchana. Ingawa mwanga haukuufikia, mmea uliendelea kufumba na kufumbua majani kwa kufuata saa zake. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyoendeshwa ndani ya chembe za mwili. Kwa mwanadamu, joto la mwili hushuka hadi kiwango cha chini kabisa kabla ya mapambazuko, kisha hupanda. Na wepesi wa akili, kwa watu walio wengi, hupanda pamoja nalo. Baada ya adhuhuri, kati ya saa 7 na saa 9, huja mlegeo mfupi. Wengi husingizia ugali. Ugali una sehemu yake, lakini hata aliyekosa chakula cha mchana huupata mlegeo huo. Kisha akili hupata nguvu tena alasiri, kabla ya kuanza kushuka usiku.

Waliodharau saa hizo katika mitambo mikubwa wamepata hasara kubwa. Ajali ya kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, huko Marekani, ilianza karibu saa 10 alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979. Mtambo wa Chernobyl ulilipuka saa 7 na dakika 23 usiku, tarehe 26 Aprili 1986. Ajali hizo zilikuwa na sababu nyingi, na hasa za ubovu wa mitambo na wa taratibu. Hata hivyo wachunguzi wa mambo ya usingizi hawakuona kuwa ni bure kwamba zote mbili zilitokea katika saa ambazo mwili wa mtu hudai kitanda. Daftari la chama cha msingi halilipuki, lakini hasara yake hutokea katika saa kama hizo.

Mgema wa ulanzi hahitaji kufundishwa haya. Hukata mwanzi wake asubuhi na jioni, kwa utaratibu asiouvunja, na anajua kwamba ulanzi ulio mtamu asubuhi huwa mkali jioni, ijapokuwa mwanzi ni ule ule na chombo ni kile kile. Mkulima naye hasubiri bwana shamba amwambie alime kabla ya jua kali. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, anayejua saa ya jembe na saa ya kugema, akiingia katika ofisi ya chama huona kwamba saa zote ni sawa.

Hapa yafaa kutahadhari na ushauri unaotolewa kwa wepesi, kwamba kila mtu aamke alfajiri na kufanya kazi zake ngumu wakati huo. Ushauri huo unafaa kwa baadhi ya watu na haufai kwa wengine. Katika mwaka 1938 profesa Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago alikaa siku 32 ndani ya pango la Mammoth, huko Kentucky, pamoja na mwanafunzi wake Bruce Richardson. Walijaribu kuishi kwa siku yenye saa 28 badala ya 24. Mwanafunzi, aliyekuwa kijana, aliizoea. Profesa, mwenye umri wa miaka 43, hakuweza. Mwili wake ulishikilia saa 24 kana kwamba unaliona jua lililokuwa nje.

Mfano ulio karibu zaidi unatoka hapa hapa Tanzania. Watafiti walioongozwa na David Samson, wakiwamo wanachuoni Watanzania Audax Mabulla na Ibrahim Mabulla, waliwachunguza Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Watu wazima 33 walivaa vyombo vidogo mkononi vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika muda wote huo, zilipatikana dakika 18 tu ambazo watu wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja. Wakati wote mwingine wa usiku palikuwa na mtu aliye macho. Wazee walilala mapema wakaamka mapema, vijana walichelewa kulala na kuchelewa kuamka, na watafiti wakaona kwamba tofauti hiyo yaweza kuwa ilikuwa ulinzi wa kambi tangu zamani: hapana haja ya kuweka zamu, kwa kuwa umri wenyewe umeweka zamu.

Chama cha msingi nacho kina wazee na vijana. Mwenyekiti wa miaka 62 aliyeamka kabla ya jogoo hafai kuitwa saa 2 usiku aweke sahihi kwenye hati kumi na mbili za malipo. Atasaini kama mtu anayefukuza nzi. Mtunza vitabu wa miaka 24, kwa upande mwingine, huenda akawa mzito asubuhi, na akili yake ikafunguka kuanzia alasiri. Kumlaumu kijana huyo kwamba ni mvivu kwa sababu hana ufasaha saa 1 asubuhi ni kukosa haki. Kumwachia adai kwamba yeye ni mtu wa usiku, kwa hiyo atafanya hesabu saa 6 usiku peke yake ofisini na funguo za sanduku mfukoni, nako ni kukosa busara. Kati ya mambo hayo mawili liko pengo pana la kutosha, nalo ni saa za alasiri ambazo wote wawili wana akili timamu. Kazi zinazotaka sahihi mbili ziwekwe hapo.

Juu ya hayo, nyanda za juu zina jambo lake. Mashauri mengi juu ya saa za kazi yameandikwa na watu wa nchi nyingine au wa miji yenye joto. Njombe mwezi Juni na Julai ni nchi ya ukungu na baridi kali, na mabondeni barafu huonekana juu ya majani. Saa 1 asubuhi vidole havishiki kalamu. Tarakimu 1 hufanana na 7, na 3 hufanana na 8. Katika miezi hiyo, ambayo ndiyo miezi ya mahindi kuingia ghalani, saa njema ya daftari yaweza kuwa kuanzia saa 3 au saa 4, jua likiisha kupasha ukuta wa ofisi. Mwezi Novemba na Desemba, mvua zikianza na watu wote wakiwa katika kupanda, saa zile zile za asubuhi ni za shamba, wala hakuna azimio la bodi litakaloliondoa jembe mkononi mwa katibu. Kwa hiyo ratiba moja iliyobandikwa ukutani mwaka mzima haitafaa. Ziwe mbili, ya masika na ya kiangazi.

Kuna pia makatibu na wahasibu wanawake, na wao wastahili kutajwa mbali. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kusema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kupita watu wengine, mara nyingine saa 12 au 14 kwa siku. Miaka imepita, lakini katika nyumba nyingi maji, kuni, watoto na moto wa jikoni bado ni kazi za mama. Saa ya asubuhi ambayo akili yake ni nyepesi kuliko zote huchukuliwa na nyumba, na chama hupata mabaki. Bodi inayomwambia katibu mwanamke aje ofisini saa 12 asubuhi ili afunge hesabu kwa utulivu haijamsaidia, imemwongezea mzigo. Afadhali imwachie asubuhi yake, na imfungie mlango saa 4, na yawepo makubaliano kwamba asiitwe mzanini hata ikiwa mgeni amekuja. Wanaume walio katika bodi, ambao baadhi yao ni waume wa makatibu hao, wanajua pia la kufanya nyumbani pasipo kusubiri azimio.

Hapo ndipo penye jambo zito kuliko yote katika habari hii. Katibu hawezi kuilinda saa yake peke yake. Akikataa kumhudumia mwanachama aliyetembea kutoka kitongoji cha mbali, ataitwa mwenye kiburi. Ni bodi inayopaswa kuamua, kuandika katika muhtasari, na kutangaza: mathalani, kwamba kila siku ya kupokea mazao mzani utafunguliwa saa 5 na kufungwa saa 10, na kwamba saa mbili kabla ya mzani kufunguliwa ni za daftari, mlango ukiwa umefungwa. Wanachama wakijua mapema, watapanga safari zao. Vyama vimefanya hivyo tangu ushirika ulipoanza. Wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, hawakulifungua kutwa nzima. Mwanzoni walilifungua jioni chache za juma, kwa kuwa wanachama walikuwa viwandani mchana. Walianza kwa kuuliza watu wao wana nafasi saa ngapi, kisha wakapanga duka. Vyama vyetu mara nyingi huanza na duka.

Patakuwa na katibu atakayepinga, na hoja yake ni ya haki. Kanuni za fedha zinamtaka aandike mapokezi siku ile ile. Je, akiahirisha hadi kesho, si atakuwa amevunja kanuni, na kumfungulia mlango mwenye nia mbaya? Jibu ni kuzitenganisha kazi ambazo kwa mazoea zimefungwa pamoja. Kuandika stakabadhi na hati ya mzani ni kazi ya papo hapo, mwenye mali akiwa amesimama mbele, saa yoyote ile. Hiyo haina kuahirishwa hata kwa dakika tano. Kuhesabu fedha taslimu ni kazi ya siku ile ile pia, na ifanywe na watu wawili. Jumla iandikwe katika kipande cha karatasi, wote wawili waweke sahihi, fedha na karatasi zitiwe katika mfuko uliofungwa kwa lakiri au uzi, na mfuko uwekwe katika sanduku. Katika daftari la fedha iandikwe jumla hiyo moja, na tarehe. Kazi hizo mbili ni fupi, na mchovu anaweza kuzifanya akisaidiwa. Zinazosubiri asubuhi ni nyingine: kunakili hati moja moja katika leja za wanachama, kulinganisha hati na jumla ya ghala, kusuluhisha daftari na taarifa ya benki, na kutafuta tofauti. Hizo ndizo zinazokula saa, na ndizo zinazozaa tarakimu zilizogeuzwa. Zikifanywa kesho yake saa 3 asubuhi, kanuni haikuvunjwa, na kwa kuwa jumla ya jana ilikwisha kutiwa sahihi, hakuna anayeweza kuibadilisha usiku.

Tofauti ikikataa kupatikana jioni, iachwe. Hili huwashinda makatibu waaminifu kuliko wale wasiojali, maana mwaminifu haoni usingizi hadi shilingi ya mwisho ionekane. Hujumlisha mara sita, na kila mara hupata jibu jipya. Kisha, kwa kuchoka, hutia tarakimu ya kulazimisha ili pande mbili zilingane, akikusudia kuirekebisha kesho. Kesho husahau. Hiyo tarakimu ya kulazimisha, iliyowekwa na mtu mwema saa 5 usiku, ndiyo inayokuja kumponza mwaka mwingine, kwa sababu mkaguzi haoni nia; huona tarakimu isiyo na hati.

Mzani wenyewe usiendeshwe gizani. Mnunuzi akichelewa akafika magharibi, huwa na haraka ya ghafla, kwa kuwa dereva anataka kufika Makambako mapema ili ashike njia kuu. Viazi hupakiwa kwa mwanga wa simu. Hapo ndipo magunia ya lumbesa hupita, ingawa sheria ya vipimo haikubali gunia lizidi kilo 100, na hapo ndipo mshale wa mzani husomwa na mtu mmoja na kutangazwa kwa sauti kwa mwingine asiyeuona. Mnunuzi wa namna hiyo hujua saa ya mwili wa katibu kuliko katibu mwenyewe. Bodi iliyoazimia kwamba mzani unafungwa saa 12 jioni, na kwamba lori la usiku litasubiri mapambazuko, huenda ikampoteza mnunuzi mmoja. Itabaki na wale wanaokubali kupima mchana.

Kuhusu mkutano mkuu, wanachama ndio wenye kosa, kwa sababu wao ndio wenye mkutano. Barua ya mwito husema saa 3. Watu hutimia saa 5. Hufunguliwa kwa dua, hufuata utambulisho, kisha hotuba ya mgeni rasmi, kisha mgeni mwingine ambaye hakutarajiwa lakini hawezi kupita bila ya kusema machache. Taarifa ya hesabu husomwa saa 8 mchana, katika ule ule mlegeo uliokwisha kutajwa, huku harufu ya nyama ikija kutoka nyuma ya jengo. Mizania ya mwaka mzima hupitishwa kwa mikono iliyoinuliwa nusu. Hakuna swali. Miezi mitatu baadaye maswali hujaa kilabuni. Tume ya mwaka 1966 iliyochunguza vyama vya ushirika nchini ilikwisha kuona, pamoja na uhaba wa watumishi wenye ujuzi, kwamba wanachama walikuwa hawana habari za kutosha juu ya mambo ya vyama vyao. Elimu ni dawa ya jambo hilo, lakini elimu haiwezi kumsaidia mtu aliyesinzia. Muhtasari uliopita ukiisha kuthibitishwa, hesabu zifuate papo hapo, kabla ya hotuba yoyote. Mgeni rasmi aliye muungwana hatachukizwa kuambiwa asubiri. Na akichukizwa, chama kitakuwa kimejifunza jambo juu yake.

Limebaki swali la namna gani mtu ataijua saa yake mwenyewe. Watu wengi wakiulizwa hujibu kwa kukisia, au kwa kutaja saa wanayoona ina heshima. Njia iliyo bora ni daftari dogo la shule, la kurasa 40. Kwa majuma mawili ya kawaida, yasiyo na msiba wala sherehe, katibu achore safu tatu: saa, kazi aliyokuwa akiifanya, na hali ya akili yake, kwa alama kutoka 1 hadi 5. Aandike kila baada ya saa mbili hivi, pasipo kurudi nyuma na kupamba. Kila alipofuta au kusahihisha tarakimu, aweke nukta. Aandike pia saa aliyolala na saa aliyoamka, kwa sababu mtu anayelala saa 4 tu kwa usiku hana saa njema ya kupangia. Ana saa mbaya tu zenye kuzidiana, na dawa yake ni kitanda kabla ya ratiba. Majuma mawili yakiisha, nukta zitakuwa zimejikusanya mahali. Kwa mmoja zitajaa baada ya adhuhuri, kwa mwingine baada ya saa 2 usiku, na kwa wa tatu, jambo ambalo huwashangaza wenyewe, alfajiri ile waliyokuwa wakijivunia.

Daftari hilo katibu alilete mbele ya bodi katika kikao cha kawaida, na mwenyekiti na mweka hazina walete yao. Vikiwekwa vitatu mezani, saa ambazo wote watatu wana alama 4 au 5 zitaonekana, na hizo bodi izitenge kwa ajili ya daftari la fedha, leja na sahihi, hadi mvua zijazo. Kuanzia siku hiyo, pembeni mwa kila ukurasa wa daftari la fedha, karibu na tarehe, katibu aandike saa aliyoufunga ukurasa huo. Ni neno moja na tarakimu moja, na mkaguzi atakayekuja mwakani ataanza kusoma hapo.